Mlango wa Pili wa Nyumba ya Wazee

Katika kamati ya afya ya bunge letu la kaunti hapa Kitale, mimi ndiye mjumbe pekee aliyewahi kumwosha mzee mgongo kwa mshahara. Nalisema mapema, tena kwa kifua mbele, kwa sababu watu wakisikia "mheshimiwa" hudhani mtu alizaliwa na suti. Mimi nilizaliwa upande wa Bungoma, si mbali na Lugulu, katika nyumba ambayo mvua ilijua pa kuingilia. Nilikwenda Uingereza na sweta moja. Nikaanza kwa kuosha sufuria katika makao ya wazee, nikapandishwa hadi kusukuma viti vya magurudumu, nikasoma jioni huku usingizi ukinivuta masikio, nikatoka na diploma ya utunzaji wa wazee. Hakuna mjomba aliyenilipia na hakuna harambee iliyoitishwa. Diploma hiyo iko ukutani sebuleni kwangu, juu ya televisheni, na mgeni akikaa kochi lolote ataiona. Nilihakikisha kwa kukaa makochi yote mwenyewe.

Niliporudi sikutaka kukaa Nairobi kungoja kazi kama wenzangu. Nilinunua shamba upande wa Kachibora, ambako mke wangu alizaliwa, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Duka likasimama. Ukiona paa linalong'aa kati ya Kachibora na barabara ya Kitale, uliza mabati yalitoka wapi. Watu walioezeka nyumba kwa mabati yangu ndio walionipigia kura, na sioni aibu hata kidogo. Wengine huingia bungeni kwa jina la baba.

Mswada wangu wa kwanza ulitoka kwa mama mkwe.

Alikuwa mwanamke wa sauti. Aliuza maharagwe soko la Kachibora miaka mingi, na wateja walisema ukishuka stendi unamsikia kabla hujamwona. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea, na maneno yakawa yanatoka polepole. Lakini miguu yake haikusahau njia ya soko. Kila kulipokucha aliinuka, akashika fimbo na kutoka, na mara mbili walimwokota ameanguka kando ya barabara. Shemeji zangu si watu wabaya. Ni wakulima. Msimu wa kupanda ukifika hakuna anayebaki nyumbani, wake zao nao wako sokoni au shambani. Kwa hiyo walifanya lililowezekana: asubuhi walimwekea chupa ya chai, ndizi na redio, wakamfungia nyumbani kwa kufuli mpaka jioni.

Kufuli hilo lilitoka dukani kwangu. Ni kufuli zuri, la shaba, halishiki kutu.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia siku moja tukila chakula cha jioni, "wewe ulilipwa kutunza mama za watu Uingereza. Mama yangu anatunzwa na kufuli."

Nilimwambia niliajiri msichana wa kukaa naye.

"Aliolewa."

"Nikaajiri mwingine."

"Pia huyo aliolewa. Unaajiri wasichana wazuri sana wewe."

Kumleta kwetu haikuwezekana. Mke wangu ni mwalimu, kutwa yuko darasani, na hata angekuwa nyumbani, kwetu sisi mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Wala si chuki, ni heshima, na vijana wa mjini wanaoicheka huifuata wenyewe siku wakioa. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama mkwe kwa kikohozi chake upande wa pili wa ghala la mahindi, na kwa kitambaa cha kichwa cha bluu chenye madoa meupe nilichokiona kikipotelea nyuma ya nyumba kila nilipofika. Nilimheshimu kuliko watu wengi niliowapa mkono.

"Basi nitatunga sheria," nilimwambia mke wangu.

"Tunga. Lakini kama hiyo sheria haitafungua mlango wa mama, usiniletee hapa nyumbani."

Nikaandika mswada. Nikisema niliandika, maana yake niliandika mwenyewe. Wengine hutafutiwa mwanafunzi wa sheria wa kuwaandikia. Mswada ulisema kila wadi iwe na nyumba ya kutwa ya wazee: asubuhi mzee analetwa, anapewa uji, anapimwa presha, anakaa na wenzake, jioni anarudi kwake. Nyumbani hakuna wa kufungiwa, na binti au mkwe anafanya kazi yake bila roho kudunda. Tuliitisha maoni ya umma katika uwanja wa mpira pale Kachibora. Watu wengi walikuja. Wanaume walikaa upande wa goli moja, wanawake upande wa goli jingine, na wote wakasema ni wazo zuri. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mwenyekiti wa kamati yetu ni mama mmoja kutoka milimani Cherang'any, muuguzi mstaafu, miwani yake inaning'inia kwa uzi, na akiivaa ujue umekwisha. Si wa kabila letu, na mambo ya watu wa Bungoma huyaona kama sinema. Aliusoma mswada wangu mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Mheshimiwa, karatasi nimeona mingi," alisema. "Nionyeshe nyumba moja ikifanya kazi. Nikiona wazee ndani, kamati itapitisha. Nikiona viti tu, hii kitu inalala hapa."

Wengine wangekata tamaa. Mimi siku hiyo hiyo nilikuwa Kachibora nikipima banda la zamani la maziwa, ambalo chama cha wakulima kiliacha kulitumia kitambo. Nilipaka rangi. Niliweka dirisha mbele, nikarekebisha choo, nikachonga njia ya viti vya magurudumu, maana huo ndio utaalamu wangu. Mlango ulikuwa mmoja, mkubwa, unaotazama barabara, uliotumiwa na lori za maziwa. Ndani nikapanga viti kwa duara.

Duara hilo nililieleza kila mahali, na nitalieleza hapa pia. Mzee akipangwa kwa mstari anaona kisogo. Akikaa kwenye duara anaona nyuso. Akiona nyuso ataongea, akiongea hamu ya kula inarudi, akila nguvu inarudi. Nilifundishwa hivyo na nilikuwa nimeona kwa macho yangu wazee wa Kizungu waliokuja wamenuna wakiishia kuimba. Nilimtafuta mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mchangamfu anayejua kila nyumba, nikamkabidhi ufunguo.

Wiki ya kwanza walikuja bibi kadhaa, wakakaa, wakacheka. Kisha wakaja wazee wanaume. Walifika mlangoni, wakachungulia, wakarudi nyuma, wakaketi nje kwenye gogo kando ya njia. Siku iliyofuata walitangulia wanaume wakaingia, halafu bibi wakafika, wakachungulia, nao wakageuka. Kila siku duara langu lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Nilidhani ni uji. Nikaubadilisha kutoka wa mahindi kwenda wa wimbi wenye ndimu. Walioko nje waliunywa wakashukuru, wakabaki nje. Nikadhani ni redio, nikahamisha stesheni. Nikadhani viti ni vigumu, nikanunua mito. Mwishowe nilimwendea mzee mmoja mwenye gambuti na koti la mvua, ambaye hakukosa hata siku moja.

"Mzee, mbona hamwingii?"

"Hapa kuna jua."

"Ndani kuna viti vya mito."

"Viti ni vizuri. Tumeviona."

"Sasa?"

"Jua pia ni zuri," akasema, akanywa uji.

Mama mkwe naye hakuwa amekuja. Mke wangu alisema watamleta mambo yakitulia, nami sikuuliza zaidi. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mwenyekiti.

Ndipo mwenyekiti akapiga simu. Kamati inakuja Alhamisi, na haiji peke yake. Wenzetu wa kamati ya afya ya Bungoma wamesikia habari za nyumba yangu, wanataka kuja kujifunza. Hebu fikiria: watu wa Bungoma, nilikotoka bila viatu, waje kujifunza kwangu. Nilipata kiburi na homa kwa pamoja. Nilimpigia mhudumu wa afya papo hapo.

"Alhamisi jaza viti vyote. Hata kimoja kisibaki wazi."

"Vyote, mheshimiwa?"

"Vyote. Chukua pikapu ya duka. Pita kila nyumba yenye mzee, umlete."

"Kila nyumba?"

"Dada, mimi naongea Kiswahili ama Kizungu?"

"Sawa, mheshimiwa," akasema.

Alhamisi niliwapokea wageni Kitale, tukanywa chai hotelini, kisha tukapanda basi dogo la kaunti. Kiongozi wa watu wa Bungoma alikuwa mwanamume mpana wa kofia ya kahawia, mjumbe wa vipindi viwili upande wa Kibabii, anayecheka kwa tumbo. Kutoka Kitale hadi Kachibora niliwaeleza kuhusu Uingereza, duara, diploma, na jinsi nilivyochonga njia ya viti vya magurudumu kwa mteremko unaotakiwa.

"Huyu ni mtoto yetu," aliwaambia wengine. "Tulimtuma Kitale awafundishe."

"Hamkunituma," nikamwambia. "Nilijituma."

"Ndiyo maana tunasema wewe ni mtoto yetu bana. Ungekuwa mbaya tungekukana."

Tulipofika nilifurahi kuona kupitia mlango kwamba viti vimejaa. Duara zima, bibi kwa bibi, leso za kila rangi. Niliona pia kwamba gogo la nje limejaa wazee wanaume kuliko siku zote, lakini sikulitilia maanani. Mwenyekiti aliingia kwanza, akavaa miwani, akaanza kuwasalimia akina mama mmoja mmoja. Nami nikapiga hatua mlangoni, mkono mmoja nimeuinua, hotuba iko tayari mdomoni.

Kwenye kiti kinachotazama mlango ana kwa ana kulikuwa na kitambaa cha bluu chenye madoa meupe.

Aliniona wakati ule ule nilipomwona. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ulivuta leso ukafunika uso. Mimi nilirudi nyuma bila kugeuka na kumkanyaga mgeni wa kofia ya kahawia.

"Mheshimiwa, unarudi rivasi na hujaangalia kioo," akasema.

"Karibu ndani, mheshimiwa," mwenyekiti aliita. "Njoo utueleze hii duara yako."

"Nitaeleza kutoka hapa."

"Hapo ni barabarani."

"Kuna hewa nzuri."

"Hewa?" Mwenyekiti alishusha miwani, akaipandisha tena. "Nimetoka Kitale kuja kuona nyumba, na mwenyewe anaiogopa?"

Mgeni wa kofia ya kahawia alichungulia juu ya bega langu. Aliangalia ndani, akaniangalia mimi, akaangalia ndani tena.

"Nani yuko hapo?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama ya mke wangu."

"Na nani alisema aletwe?"

Nikaitazama ile pikapu ya duka. Tumbo lake lilianza kutikisika, kisha mabega, kisha kofia, bila sauti yoyote. Alishika ukuta asianguke.

Nilijiondoa mlangoni, nikasimama kwenye jua pale kando ya gogo kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Mzee wa gambuti aliniangalia. Kisha akasogea kidogo, na wa pili akasogea, na wa tatu, mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Karibu, mkwe," akaniambia. "Hapa kuna jua."

Nikakaa. Hapo ndipo nilipoyaona mambo yote mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Mzee wa gambuti aliniashiria kwa kidevu: mama wa mke wake yuko pale dirishani, ana sweta ya kijani, amezeeka lakini bado ni mama mkwe. Aliyekaa karibu naye vivyo hivyo, wake yuko kiti cha tatu kutoka mlangoni. Mmoja alikuwa na watatu ndani, kwa kuwa aliwahi kuoa zaidi ya mara moja. Mswada wangu ulikuwa umeandika "wazee," na katika mawazo yangu wazee walikuwa watu wa aina moja wanaokaa kwenye duara moja. Vijiji vyetu vimeoana kwa miaka mingi. Ukiwaweka wazee wote wa wadi katika chumba chenye mlango mmoja, umekusanya wakwe. Uwanja wa mpira haukutuonyesha hilo kwa sababu uwanja una magoli mawili.

Mhudumu wa afya alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Mheshimiwa, gari iko hapo. Wacha nimrudishe mama nyumbani mara moja, halafu uingie uongee na wageni. Ni dakika kidogo tu."

Nilijua nyumbani ni wapi. Shemeji zangu walikuwa shambani, na wangemkuta jioni. Ufunguo wa kufuli mhudumu alikuwa nao, walimwachia asubuhi.

Nikatazama dirishani kwa pembe ya jicho, jinsi mkwe anavyoruhusiwa kutazama. Leso ilikuwa imeshuka kidogo. Bibi wa sweta ya kijani alikuwa ameshika ule mkono wake usiofanya kazi, anausugua polepole, anamwambia jambo sikioni. Wote wawili walikuwa wameuza sokoni pamoja. Na mama mkwe alikuwa akijibu. Maneno yalitoka mazito, lakini yalikuwa yanatoka, na bibi wa kiti cha pili aliinama ayasikie, akacheka. Tangu augue hakuwa amekaa na mtu wa rika lake.

Kuhusu mimi, basi dogo la kaunti lilikuwa limejaa watu niliowaambia njia nzima kwamba mimi ni mtaalamu.

"Asitoke," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nitaongea hapa."

Nikasimama. Niligeuza mgongo kwenye dirisha ili mama mkwe asione uso wangu wala mimi wake, nikawatazama wazee wa gogo, nikahutubia kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. Nimehutubia mikutano mingi, na sijawahi kuhutubia vizuri kuliko siku hiyo. Sikuongea kuhusu Uingereza. Niliongea kuhusu mama wa miguu inayokumbuka soko, na watoto wanaompenda wanaomfungia mlango kwa sababu wanampenda. Ndani vikombe viliwekwa chini. Hata kuku walinyamaza, au niliona hivyo.

Mwenyekiti ilibidi atoke nje kunitafuta. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mheshimiwa, nimesikia. Lakini nitaandika nini mimi? Nusu ya wazee wako ndani na nusu wako kwa jua. Kesho hawa wakiingia wale watatoka. Hiyo si nyumba, hiyo ni foleni."

Mgeni wa Bungoma alikuwa ameshamweleza nani ni mkwe wa nani, na sasa alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa kofia.

"Andika inahitaji mlango mwingine," nikasema.

Halikuwa wazo la kuokota. Mimi ni mtu wa ujenzi. Wakati naongea, mawazo yangu yalikuwa kwenye ule ukuta wa banda nyuma yangu, na tayari nilikuwa nimeshaukata akilini. Mlango wa pili upande wa nyuma, unaotazama mahindi. Ukuta wa matofali katikati, uishie chini kidogo ya boriti ili hewa na sauti zipite. Njia mbili za kufikia, moja kutoka barabarani na moja kutoka mtoni, watu wasigongane. Uji upitie kidirishani. Mkwe na mama mkwe wakitenganishwa na ukuta wanaweza kusikilizana mchana kutwa bila kosa. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo na ghala la mahindi miaka yote ya ndoa.

"Na duara?" mwenyekiti akauliza.

"Maduara mawili."

"Diploma yako inasema hivyo?"

"Diploma yangu haina wakwe, mama mwenyekiti. Hiyo sehemu nimeongeza mimi."

Alivua miwani, ikaning'inia. "Ukijenga hiyo ukuta, na nikirudi nikute hawa wazee wako chini ya paa, kamati inapitisha. Nimesema mbele ya watu wa Bungoma."

"Tumesikia," mgeni wa kofia akasema. "Na sisi tutaiba hiyo ya milango miwili, usiseme hatukukuambia. Kwetu wakwe ni wengi kuliko watu."

Nilifika nyumbani nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Mke wangu alikuwa jikoni akikaanga mboga, na mabega yake yalionyesha kwamba habari zilishafika.

"Mama amesema umeongea vizuri," akasema bila kugeuka.

"Amesema hivyo?"

"Ati hajaona uso, ameona mgongo tu. Amesema suti imekubana."

"Na ataenda kesho?"

Alizima jiko, akageuka. Sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama hivyo, labda ile siku nilipotokea uwanja wa ndege na mizigo. "Ameamka mapema kuliko watu wote leo asubuhi akingoja hiyo pikapu," akasema. "Nani atamzuia kesho? Wewe jenga ukuta."

Nilijenga. Matofali yangu, saruji yangu, na fundi niliyemsimamia mwenyewe nikiwa nimekunja suruali. Mpaka ukuta ulipokauka, akina mama walikuja siku zao na wazee wanaume siku zao, na mimi nilipita nje tu. Mwenyekiti alirudi bila kutangaza, akaingia mlango wa mbele akakuta duara, akazunguka akaingia wa nyuma akakuta duara jingine na mzee wa gambuti amekalia mto. Mto aliuita mzuri. Jua hakulitaja.

Bungeni kulikuwa na kelele kidogo. Mjumbe mmoja wa mjini, kijana wa viatu vyenye ncha, alisimama kupinga kifungu changu cha milango miwili.

"Mheshimiwa spika, hii ni sheria ya afya ama ya harusi? Tutapanga hadi nani aketi na nani?"

Watu walicheka. Nikasimama kwa taratibu.

"Mheshimiwa spika, naomba mwenzangu atuambie kama anaweza kuja kesho na mama mkwe wake tule chakula cha mchana meza moja hapo kantini. Mimi nitalipa."

Kijana alirekebisha tai, akaketi. Niliangalia ukumbi mzima. Waliokuwa wakicheka walianza kutafuta kitu kwenye mikoba yao. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyebaki akitabasamu, kwa sababu kwao hayo hayawahusu. Mswada ulipita ukiwa na kifungu chake, na kama kuna kaunti nyingine yenye sheria ya afya inayotaja wakwe, bado sijaisikia.

Siku hizi Ijumaa kikao kikiisha mapema, napitia Kachibora. Kwanza napita kwa shemeji zangu. Nyumba ya mama mkwe iko wazi, pazia linapigwa na upepo, na lile kufuli la shaba wamelihamishia banda la kuku, kwa kuwa wezi wa kuku wamezidi. Kisha nazunguka njia ya mtoni, naingia mlango wa nyuma, nakaa kwenye duara la wazee wenzangu watarajiwa, napewa kikombe.

Juma lililopita nilikuwa nikiwaeleza kuhusu theluji. Niliwaambia jinsi nilivyotembea kwenda kazini theluji imefika magotini, mabasi yamesimama, wenzangu wote wamepiga simu kusema hawaji, na mimi peke yangu nikawapa wazee wote kifungua kinywa. Ni kisa kizuri. Nilikuwa nimefika pale meneja anaponishika bega, ndipo upande wa pili wa ukuta pakasikika kikohozi ninachokijua.

"Mwambieni huyo," sauti ikasema, polepole, neno moja moja, lakini ilivuka boriti bila shida kama zamani ilivyovuka stendi, "hiyo ya theluji alimaliza Ijumaa ile ingine."

Upande wa akina mama waliangua kicheko. Mzee wa gambuti aliinamia kikombe chake.

"Mkwe," akaniambia, "umeambiwa."

Nikanywa chai kidogo. Kisha nikaanza ile ya treni, ambayo walikuwa hawajaisikia, na nikaisimulia kwa sauti ya kuvuka ukuta.